Mikono ya Wifi

Wodi nzima ilimwita Sista Kinyaa, na yeye alijua, wala halikumuuma. Kwa maoni yake tatizo la dunia hii ni uchache wa watu wenye kinyaa. Wangekuwa wengi kidogo tu, nusu ya magonjwa yangekosa pa kulala. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye pua iliyojikunja yenyewe kabla hata hajajua imenusa nini. Ukipiga chafya koridoni, alikwishasimama mbele yako. Ukijikuna kichwa karibu na kitanda cha mtoto, nje, hata kama wewe ni bibi mzaa baba uliyesafiri mchana kutwa kuja kumwona mjukuu. Hakuwa na dogo, hakuwa na simile.

Na vya kumtia kinyaa havikukosekana, jamani. Alikuwepo bibi aliyelamba kidole chake mwenyewe, akamfuta mjukuu tongotongo kwa mate. Alikuwepo baba aliyeingia na malengelenge mdomoni, yamepasuka na yanavuja, akainama ili ambusu mwanawe. Sista alimdaka kola midomo ikiwa imebakiza upana wa kidole. Alikuwepo mama aliyefunua kitambaa akaonyesha kitovu cha mtoto kimepakwa kitu ambacho Sista hakuuliza ni nini, kwa sababu alikuwa bado hajala. Haya yote aliyasimulia nyumbani kwa ndugu zake, mezani, bila kuruka kitu, na ndugu zake walijifunza kula haraka kabla hajafika.

Mlangoni mwa wodi palikuwa na sinki, na juu ya sinki chupa ya sabuni ya maji. Hapo ndipo ilipokaa serikali ya Sista Kinyaa. Hakuna aliyepita, awe daktari, awe mfagiaji, awe mama mwenye mtoto, bila kuibonyeza chupa hiyo na kusugua mpaka viwikoni. Wodi nyingine sabuni iliisha na watu wakanawa maji matupu huku wakiangalia pembeni. Kwake haikuisha hata siku moja. Kila asubuhi, kabla hajavua koti alilotoka nalo nyumbani, alifungua kifuniko, akasogeza mrija wa pampu pembeni na kuongeza, juu kwa juu, ya leo juu ya ya jana. Na kwa kuwa stoo haikuwa ya kutegemea, alijifunza kuizimua sabuni kwa maji ya bomba kwenye dumu kubwa alilolifungia kabatini, ili iende mbali. Mganga mkuu alipopitisha wageni alisimama pale sinki akasema hivi ndivyo mambo yanavyotakiwa. Ikafika mahali wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji nao wakawa wanakuja kuchota kwenye dumu lake. Alijisikia. Na wewe ungejisikia.

Sasa, katika wanawake wote wa duniani, mdogo wake wa mwisho, yule aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, alikwenda kuoa mwanamke anayechinja kuku.

Si anayeuza tu. Anayechinja. Sokoni, nyuma ya vibanda, penye pipa la maji ya moto na meza iliyovimba kwa maji na damu. Anamtumbukiza kuku, anamnyonyoa kwa viganja, anampasua, anaingiza mkono mpaka kwenye kifundo na kutoa kila kilichomo kwa mara moja, huku akipiga stori na mteja. Sista alimwona hivyo siku moja tu, akaenda kushika ukuta. Ile harufu ya manyoya yaliyolowa aliapa kwamba aliisikia kwa wifi yake hata siku ya arusi, chini ya manukato yote. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba wifi mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa mwanamke wa kucheka, mwenye viganja vipana, anayekushika bega akizungumza nawe, anayekukatia nyama kwa mkono na kukuwekea kwenye sahani bila kukuuliza. Sista, akialikwa kwa wifi yake, alikula kwa macho tu.

Wifi alipoteza mimba, akapoteza nyingine, miaka ikapita na watu wakaanza kunong'ona. Kisha mtoto mmoja akakaa. Alitoka kabla ya wakati wake, mdogo wa kulala kwenye mkono mmoja, lakini mzima, wa kiume, na akapelekwa moja kwa moja kwenye kisanduku cha joto katika wodi ya shangazi yake. Baba mtu alilia mlangoni. "Dada, nakuachia," alisema, na Sista akamwambia aende akanawe uso, kamasi zinamshuka.

Alimpenda mtoto yule, tuseme ukweli. Kila alipopita alitafuta sababu ya kusimama pale, mara anyooshe shuka, mara atazame joto la kisanduku ambalo alikuwa ametoka kulitazama. Mtoto alikuwa na masikio ya marehemu baba yao, makubwa, yamesimama, na Sista alipoyaona mara ya kwanza alilazimika kuingia stoo kidogo. Na kadiri alivyompenda mtoto, ndivyo alivyomkazia mama yake. Mama wengine walinawa mara moja. Wifi alinawishwa mara mbili, na mara ya tatu kwa brashi ya kucha.

"Rudia," Sista alisema, amesimama nyuma yake, amekunja mikono.

Wifi alirudia. Hakununa. Alibonyeza chupa, akasugua, akanyoosha viganja vikaguliwe kama mtoto wa shule. Na alipokwisha kumweka mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, aliwaambia mama wenzake kwamba yeye kazi hii ya kuatamia anaijua, hata vifaranga wa kisasa wanalelewa kwa taa. Wodi nzima ikacheka, wauguzi na wao. Sista alihisi mate ya kichefuchefu yanamjaa mdomoni. Mtoto wa ndugu yake, mwenye masikio ya baba, analinganishwa na kuku!

Mtoto alianza kunenepa mashavu. Walikuwa wanazungumzia kumtoa kwenye kisanduku. Ndipo asubuhi moja Sista alipoweka mgongo wa kiganja kwenye shingo yake, akautoa haraka. Alikuwa anachemka.

Mtoto mkubwa akipata homa unampa dawa, unamfuta kwa kitambaa, unasubiri kesho uone. Mtoto mchanga humsubirii. Mwili wake bado haujajua kupigana, na wadudu wakiingia kwenye damu wanaweza kufika kwenye ubongo wewe ukiwa bado unatafuta kipimajoto. Wengine hata hawachemki. Wanapoa, wanalegea, wanaacha kunyonya, na hao ndio wanaoogopesha zaidi. Huyu alichemka, akalegea, akaacha kunyonya, na kila alipovuta pumzi alitoa sauti ndogo ya kuguna kama mzee anayeinuka kitini.

Daktari wa watoto, mama mmoja mnene ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, siku hiyo alikimbia. Alichukua damu, akachukua mkojo, akamkunja mtoto na kutoa maji ya uti wa mgongo, akaanzisha dawa za mshipa bila kusubiri maabara iseme. Baada ya hapo alimweleza Sista, kwa sauti yake ya taratibu, kwamba homa ya mtoto wa umri huu ina milango mingi. Huenda wadudu aliwapata kwenye njia ya uzazi akitoka. Huenda ni kitovu, huenda ni mkojo, huenda ni virusi kama vile vya malengelenge ya yule baba wa juzi. Na kwa kuwa ameshakaa wodini, huenda ni mikono yetu sisi. Daktari alisema yetu sisi. Sista alisikia mikono.

Alimkuta wifi yake koridoni, amekaa kwenye benchi, maziwa yakimlowesha gauni kifuani.

"Ni wewe," alimwambia. "Mikono inayoshinda ndani ya matumbo ya kuku, unafikiri inatakata? Umemletea mwanao uchafu wa pipa lako. Humgusi tena."

Wifi alileta viganja puani, akanusa cha kulia, akanusa cha kushoto, kwa makini, kama anayenusa nyama ya jana kuona kama bado inafaa. Mumewe alipofika na kuanza kusema, "Dada, lakini..." Sista alimkatiza pale pale: achague, anataka mtoto au anataka kubishana. Mdogo mtu akanyamaza. Alikuwa amezoea kunyamaza mbele ya dada yake tangu utotoni, na mimi naona hilo nalo ni la aibu, maana aliyeachwa peke yake na lile benchi ni mkewe.

Utaratibu ukawa huu. Wifi akamue maziwa, ayapitishe mlangoni, wauguzi wamlishe mtoto kwa mpira mwembamba wa puani. Na huwezi kukamua bila kunawa. Kwa hiyo wifi alinawa. Alinawa kabla, akanawa baada, akanawa katikati alipohisi kwamba ameigusa nguo yake mwenyewe. Hakutania tena na mtu. Nyumbani alichukua waya wa kusugulia masufuria, akachukua na dawa ya kufulia nguo nyeupe, akarudi hospitali na ngozi imepasuka, nyekundu, inavuja maji. Akasimama tena pale sinki na kuibonyeza chupa ya Sista juu ya vidonda hivyo, amefumba macho kwa maumivu. Sista alimwona. Alichowaza ni kwamba sasa, angalau, mtu anajitahidi.

Homa haikushuka. Ilipungua kidogo mchana, ikarudi jioni na hasira mpya. Siku moja mtoto alikakamaa, mkono mmoja ukawa unaruka peke yake, macho yakageukia juu, na wauguzi wakajaa pale kisandukuni. Sista alipoinua uso aliona uso wa wifi yake kwenye kioo cha mlango. Hakugonga, hakupiga kelele, hakuomba kuingia. Alikuwa ameficha mikono nyuma ya mgongo, na alibaki hivyo mpaka mtoto alipotulia.

Halafu mtoto wa pili akachemka, pacha mmoja wa mshonaji wa nguo, na baada yake wa tatu, aliyelazwa karibu na dirisha. Sista hakukosa maelezo. Huyu wa mshonaji ni yule bibi wa mate, alimwona kwa macho yake. Wa dirishani ni mama yake, mwanamke anayepiga chafya kwenye kiganja na kujifutia kwenye kitenge. Kila homa aliitafutia uchafu wake, na kila uchafu akaupatia mwenyewe, akawa anatembea wodini amekodoa macho, hasemeshwi. Wauguzi wadogo walikuwa wakimsikia koridoni wanaacha hata kutafuna.

Daktari alimwita ofisini, akafunga mlango. Maabara ilikuwa imeotesha damu za watoto wote watatu, na mdudu ni mmoja. Si wanaofanana, ni yule yule. Ni mdudu anayependa majimaji, anayekaa mahali penye unyevu pasipokauka, tena ni mkaidi, dawa waliyoanza nayo haimwezi. Daktari alikwisha kuibadilisha asubuhi hiyo na alikuwa akiomba Mungu hawajachelewa.

"Kwa hiyo watoto hawa hawakuletewa na watu watatu wachafu, Sista," alisema. "Kuna mahali."

Akachukua vijiti vya pamba yeye mwenyewe, akavipitisha kwenye mabomba, kwenye maji ya mashine za oksijeni, kwenye mipira ya kulishia, kwenye vitasa, na kwenye viganja vya kila anayevuka mlango ule, wifi akiwemo. Wifi alinyoosha mikono yake kama mtu anayekwenda kufungwa pingu.

Majibu ya mikono ndiyo yaliyotangulia. Daktari alimwita Sista tena.

"Wifi yako anaye."

Sista alihisi kitu kinamfunguka kifuani, na tusimsafishe, ilikuwa ni furaha. Si alisema? Alisema tangu zamani, alisema tangu siku ya arusi, watu wakamwona ana roho mbaya. Basi hayo. Alizungumza, akazungumza, na daktari alimwacha mpaka akamaliza.

"Na wewe unaye, Sista," daktari alisema. "Na wauguzi wote wa zamu ya asubuhi. Na mimi."

Mtu mwingine hilo lingemtosha kuketi na kufikiri. Sista Kinyaa alitoka ofisini, na kichwani mwake jambo lilikuwa wazi kabisa: yule mwanamke ametuambukiza sote. Ametushika mabega, ameshika milango, ameshika benchi, ametupaka. Aliwahisi wadudu wanatambaa kwenye viganja vyake, wadudu wa matumbo ya kuku, akahisi hata ladha yao. Alikwenda mbio mpaka sinki, akapandisha mikono ya gauni, akabonyeza chupa. Akasugua, akasuuza. Haikutosha. Akabonyeza tena na pampu ikagoma. Akaikandamiza kwa nguvu, ikatoa tone lenye uzi, na ule uzi ukavutika kutoka mdomo wa pampu mpaka kwenye kiganja chake na haukukatika.

Akafungua kifuniko.

Mrija ulitoka umevaa kitu. Siku zote alikuwa akiusogeza pembeni tu, anamimina, anafunga. Hakuwahi kuutoa wote nje na kuutazama, kwa maana sabuni ni sabuni. Ulikuwa umevikwa ute mzito wa rangi ya waridi iliyochafuka, unaning'inia vipande vipande, unateleza. Akaiinamisha chupa. Sabuni ya juu ilitoka nzuri tu, na harufu yake ya ndimu. Ile ya chini ilikataa kutoka, ikajivuta, kisha ikaanguka yote kwa pamoja, pwata, kama ute wa yai viza. Na chini ya ile ndimu ikapanda harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa kwenye ndoo. Ilikuwa kwenye vidole vyake. Ilikuwa chini ya kucha zake. Alikuwa ametoka kuusugua ute huo mpaka viwikoni.

Alitapika ndani ya sinki lake mwenyewe, juu ya ule ute, na akaendelea kutapika hata pale ambapo hapakuwa na cha kutoka.

Alipoinua uso alikuwa ameelewa, na hakuna aliyemwelewesha. Juu kwa juu. Ya leo juu ya ya jana, pamoja na maji ya bomba, kwenye chupa ambayo haikuwahi kukauka kwa sababu yeye alijivunia kwamba haikauki. Watu walikuja pale na uchafu wa kawaida wa binadamu, naye akawasimamia, akawakaripia, akawarudisha, mpaka wakapakwa wa kwake. Maziwa yamekamuliwa kwa mikono iliyonawa hapo. Mipira ya kulishia imeshikwa kwa mikono iliyonawa hapo. Na aliyenawa kuliko wote, kwa brashi, kwa amri, juu ya vidonda, alikuwa wifi. Mwanamke angekuja na damu ya kuku mikononi na kunawa maji matupu, pengine mwanawe angekuwa nyumbani sasa hivi.

Koridoni hapakuwa na mtu. Na alichofanya Sista hapo hakipendezi, lakini alikifanya: alifungua bomba mpaka mwisho akaanza kuisuuza ile chupa. Chupa mpya, sabuni mpya, dumu alimwage nyuma ya jengo. Homa zitakoma zenyewe. Daktari atatafuta mahali mpaka achoke, na wifi atabaki na mikono yake, ameshaizoea. Nani atamuuliza muuguzi mkuu habari za sabuni? Alikuwa amefika nusu aliposikia mlango wa wodi ya wazazi unafunguliwa upande wa pili, na mkunga akinawa kwenye sinki lao, anaimba wimbo wa redioni, anabonyeza chupa aliyoijaza jana kutoka kwenye dumu la Sista. Mama fulani alikuwa anaugua uchungu humo ndani, akisikika.

Sista alifunga bomba. Alimfuata mkunga kwanza, akampokonya chupa mkononi bila maelezo, mkunga akabaki kinywa wazi na povu mikononi. Kisha akaichukua na ya kwake, pamoja na ule mrija, akavibeba mbele yake koridoni nzima, watu wakimpisha, akaviweka juu ya meza ya daktari.

Daktari alitazama ndani ya chupa, akatazama mrija, akaziba pua. "Nilipima mpaka vitasa," alisema. "Sabuni sikuipima." Hakumkaripia, na Sista angependelea akaripiwe.

Mchana huo chupa zote za dumu lile zilikusanywa, na maabara ikamkuta mdudu yule yule katika kila moja. Zikaletwa sabuni za kipande, zikakaa kwenye visahani vyenye matundu ili zikauke, na spiriti ya kupaka mikononi ikapatikana ghafla ingawa stoo ilikuwa ikisema haipo. Mganga mkuu alikuja, safari hii bila wageni. Sista alimweleza yote, amesimama, na alipoulizwa kama kuna wa kusaidiana naye lawama alisema hayupo. Dawa mpya ilishika. Homa ya mtoto ikashuka, ikajaribu kurudi, ikashindwa. Pacha wa mshonaji alichelewa, akawatia watu roho juu, naye akarudi. Siku zote hizo Sista alikula kwa kijiko hata mkate, kwa sababu hakuweza kuvipeleka vidole vyake karibu na mdomo.

Lakini wifi hakumwambia. Alijiambia mtoto apone kwanza. Alijiambia daktari atamwambia. Wauguzi walimwambia wifi kwamba sabuni imebadilishwa, basi, na wifi hakuuliza, akanawa na hiyo mpya. Sista alipita mbele ya benchi lile akiangalia mbele, na kila alipopita, wifi alisimama na kujibana ukutani ili nguo zao zisigusane.

Kisha mtoto akalia. Si kule kuguna. Alilia hasa, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, akawa anaitafuna ngumi yake na masikio yamekuwa mekundu. Daktari alimsikia kutoka ofisini akaja, akamgusa, akamsikiliza kifua, akautoa ule mpira puani.

"Huyu anataka ziwa," alisema. "Mpelekee mama yake. Na mwambie wewe, Sista, si mimi."

Sista alimfunga mtoto vizuri, akatoka naye. Wifi alikuwa amekaa benchini, mikono ameizungushia kitenge. Alipomwona mtoto alisimama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta.

"Kaa umnyonyeshe," Sista alisema.

"Nitamdhuru, wifi."

Basi akamwambia. Alimwambia vibaya, kwa kurukaruka, akianzia kwenye dumu, akarudi kwenye mrija, akaueleza ute ule rangi yake na harufu yake kama alivyozoea kueleza uchafu wa watu wengine. Alisema kuku hawahusiki. Alisema mikono yako haikumletea mtoto kitu, ni mimi niliyekupaka, na kila nilipokwambia urudie nilikuwa nakupaka tena. Alisema nilikuonea, na nilikuwa nakuonea tangu siku uliyoingia kwetu. Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo kwa wifi yake. Wifi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa panapostahili.

"Asante, wifi," alisema. "Najua unanifariji tu."

"Tangu lini mimi nikakufariji wewe?"

Uso wa wifi ulitaka kucheka, ulikaribia kabisa, kisha ukaghairi. Mtoto alikuwa ameisikia sauti ya mama yake. Aligeuza kichwa upande ule, akafungua mdomo wote, akalia, na gauni la wifi likalowa kifuani pande zote mbili. Akaitoa mikono kwenye kitenge. Vidole vilikuwa vimebabuka, vimepasuka kwenye kila mkunjo, na kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama. Akainyoosha kumpokea mwanawe. Ilifika karibu kabisa na kile kichwa kidogo, ikasimama hapo, halafu akairudisha kwake.

"Ngoja kwanza nikanawe."

"Umenawa sasa hivi, nimekuona," Sista alisema. "Nakuomba, wifi. Mshike hivyo hivyo."

"Mara moja tu," wifi alisema, akaenda.

Sista akabaki koridoni na mtoto mwenye njaa anayetafuta ziwa kwenye gauni lake la kazi na halipati. Alimsikia wifi akifungua maji. Alisikia sabuni ikisuguliwa, maji, na sabuni tena. Akamwita. Wifi akaitikia kwamba anakuja. Maji hayakufungwa.